Mafuriko na umeme kukatika: maswali yenu ya kabla ya masika

Masika hayako mbali, na karibu maswali yote mliyonitumia yanaanza na neno moja: ninunue. Ninunue jenereta, ninunue inveta, ninunue viroba. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za mtaro ulioziba mbele ya nyumba yake. Haya, tuanze.

Nakaa Kigogo, hatua chache kutoka mtoni. Ninunue viroba vingapi vya mchanga vya kuziba mlango?

Viroba vinasaidia kwa maji ya mvua yanayotiririka kutoka barabarani, yale ya kifundo cha mguu. Mto Msimbazi ukijaa, ndugu yangu, maji hayaji kwa mlangoni tu. Yanapandia kwenye tundu la choo yakiwa na kila kilichokuwemo shimoni, wakati wewe uko kibarazani unapanga viroba. Ukivinunua, cha kwanza kikae juu ya tundu la choo.

Lakini tatizo lako viroba havilimalizi. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na Serikali ikawapa waathirika wa mabondeni viwanja Mabwepande. Baadhi walikaa, wengine walirudi palepale, na sababu zao nazielewa: Mabwepande ni mbali na Kariakoo, na mtu wa kibarua cha siku hawezi kumaliza posho yake kwenye nauli. Hao siwacheki. Nawashangaa wanaoinua ukuta wa tofali leo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, eneo ambalo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imelilinda, halafu wananiuliza idadi ya viroba.

Kama msimu huu huna pa kuhamia, weka vyeti, kitambulisho cha NIDA, kadi za kliniki na mkataba wa nyumba kwenye mfuko mmoja wa nailoni, ndani ya begi linalobebeka. Kubaliana sasa hivi na ndugu anayekaa mwinukoni kwamba watoto watalala kwake. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, watoto waondoke jioni ileile. Balaa kubwa ni kuvuka maji usiku na mtoto mgongoni: maji ya kasi yasiyofika hata magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Maji yakianza kuingia ndani, nizime umeme kwanza au nitoe vitu? (Msomaji, Tabata)

Umeme, tena kabla hayajaingia. Ukishakuwa umesimama majini usiiguse meinswichi; toka nje, wapigie TANESCO. Leo usiku zima taa zote uende ukaipapase hiyo meinswichi gizani, uone kama unaifikia. Nimeingia nyumba ambazo iko nyuma ya kabati la nguo, kabati limejaa, na juu yake masanduku mawili ya mgeni aliyeondoka zamani. Na ile ekstensheni iliyolala chini ya zulia, yenye friji, tivii na chaja tatu, ipandishe ukutani. Maji yakishatoka usiwashe kitu mpaka fundi umeme afungue soketi azikague, kwa sababu unyevu na tope hubaki ndani hata ukuta ukionekana mkavu.

Jenereta ipi nzuri kwa nyumba ya vyumba vitatu? (Mmeuliza wengi, na mwaka jana pia mliuliza wengi)

Ile ambayo hutaiweka koridoni. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ileile inayoua watu usingizini wanapolala na jiko la mkaa chumbani. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, mahali pakavu. Wapo pia wanaochomeka waya wake kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Umeme huo unarudi mpaka kwenye nguzo, na fundi aliyepanda kuunga nyaya anaamini laini imezimwa. Fungiwa chenjiova na fundi, yaani swichi inayotenganisha jenereta na laini ya TANESCO, au acha kabisa kununua. Kwa maoni yangu, wengi wenu mnachohitaji ni taa mbili za sola, pawabenki iliyojaa na redio ya betri. Redio msiidharau. Minara ya simu nayo hutegemea betri umeme ukikatika, na betri huisha.

Nyama kwenye friza inakaa muda gani bila umeme?

Friza iliyojaa, kama saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Friji ya kawaida, saa 4. Hesabu hizo ni za mlango usiofunguliwa, na kila nyumba ina mtu wa kuchungulia. Umeme ukikatika chomoa friji, ukirudi subiri dakika kadhaa, maana huja ukiyumba na kinachoungua ni kompresa.

LUKU ikiisha na mtandao haupo, nifanyeje?

Utakaa gizani. Nunua mapema na uingize kwenye mita.

Mama yangu ana kisukari na anatumia insulini. Umeme ukikatika siku mbili tatu, tuihifadhi vipi? (Msomaji, Mbagala)

Pole kwa kuuguza, dada. Ningependa kupata maswali kama hili kumi kila wiki. Insulini za aina nyingi, zikishaanza kutumika, hukaa takriban wiki nne nje ya friji mradi joto lisizidi nyuzi 30. Chumba cha bati Dar es Salaam kinavuka hapo mchana. Chukua chungu, kiweke ndani ya chungu kikubwa zaidi, jaza mchanga katikati, umwagie maji asubuhi na jioni. Dawa ikae humo ndani ya kopo kavu lenye kifuniko. Usiilaze juu ya barafu, ikiganda imeharibika. Mfamasia akuthibitishie kuhusu aina anayotumia mama.

Kisima chetu kilifunikwa na mafuriko mwaka jana, tukaendelea kunywa na hatukuugua. Mbona mnatutisha? (Msomaji, Vingunguti)

Kwa sababu kilichoingia humo kinajulikana. Mvua kubwa ikianza, wapo wanaotoboa shimo la choo usiku ili maji yabebe, wakwepe gharama ya gari la kunyonya. Mnaita kutapisha choo, mnasema huku mnacheka, na kipindupindu kikiingia mnalaumu muuza matunda. Acheni maji yatuame, chujeni kwa kitambaa safi, chemsheni mpaka yatokote dakika nzima, au wekeni vidonge vya klorini kwa kipimo cha pakiti.

Anayetapisha anajulikana mtaani. Mwambieni mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kama anayetapisha ni mwenyekiti mwenyewe, nendeni kwa bwana afya wa kata. Na Jumamosi hii tokeni na makoleo. Mtaro mmoja niliouona ukizibuliwa ulitoa godoro la mtoto, nepi zisizohesabika, na viroba vya mchanga vya masika yaliyopita.

Mtungi wetu wa gesi ulielea siku ya mafuriko, tukaukuta kwa jirani. Tuutumie?

Fungeni valvu, mpelekeeni wakala aukague, na regulata na mpira mnunue vipya. Msimu huu usimame ukiwa umefungwa kamba kwenye nondo ya dirisha. Na hakikisheni ni wa kwenu kweli, jirani naye anatafuta wake.