Kibandiko cha i5, na mambo mengine ya kukagua kabla hujafunga programu ya kusimamia mtandao

Kompyuta ile niliivusha hadi Shela kwa boti, nimeifunga leso mbili isirukiwe na maji ya chumvi, nimeipakata njia nzima. Wiki hiyo nilikuwa nimeiongeza memori ikafika GB 8 na kuitia diski mpya ya SSD. Mbele ilikuwa na kibandiko cha i5, jina la aina ya prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta. Mwenye nyumba ya wageni, aliyetaka kompyuta ya kusimamia waifai yake, aliniuliza swali moja tu: "Itaweza?" Nikamjibu pasi na kupepesa jicho, "Itaweza na itabakisha, Mama."

Haikuweza.

Kazi yenyewe haikuwa ngeni kwangu. Nyumba ni ya ghorofa tatu, ya mawe ya matumbawe, na aliyewahi kutoboa ukuta wa nyumba kongwe ya Lamu kupitisha waya anajua ninachosema: keekee inazama mpaka mwisho na bado hujatokea upande wa pili. Waifai nayo inakwama humo humo. Kituo kimoja ukikiweka ukumbini, chumba cha jirani hakipati kitu. Kwa hiyo tuliweka vituo 9 vya waifai, swichi 2 na ruta 1. Vifaa 12, kwa nyumba ambayo ingekuwa ya matofali ya kawaida ningeimaliza kwa vitatu au vinne. Vifaa vikifika idadi hiyo huwezi tena kuingia kimoja kimoja kubadilisha nywila. Unataka programu ya kuvisimamia vyote pamoja, na yeye alitaka pia vocha za wageni, yaani namba za kuingilia waifai. Nikachagua UniFi, ile ya kujifungia mwenyewe kwenye kompyuta yako.

Nilifunga Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ikakaa vizuri. Nikafunga Java, ambayo UniFi haiwaki bila hiyo. Nikafunga MongoDB, hifadhidata ambayo programu ile huitegemea. Hapo ndipo iliponigomea. Naiwasha, inazima. Naiwasha tena, inazima. Nikaifuta na kuifunga upya mara mbili, nikilaumu intaneti kwamba labda faili lilishuka nusu. Muda wote huo kwenye skrini kulikuwa na mstari mmoja ninaoupita kwa macho: status=4/ILL.

Nilikuwa na mpwa wangu, kijana aliyemaliza sekondari anayejifunza kazi kwangu. Yeye ndiye aliyeushika ule mstari. "Mjomba, hii ILL ni kitu gani?" Akatafuta kwenye simu. Maana yake prosesa imepewa amri isiyoijua. Si kwamba programu ni mbovu wala memori haitoshi. Ni kama kumpa fundi wa majahazi kitabu cha kushona nguo: mikono anayo, nguvu anazo, ila hiyo lugha hakufundishwa.

Kuanzia toleo la 5.0, MongoDB inataka prosesa yenye kundi la amri linaloitwa AVX. Intel ilianza kulitia kundi hilo kwenye prosesa za Core za kizazi cha pili, Sandy Bridge, mwaka 2011. Kompyuta yetu ilikuwa i5-650. Hiyo ni ya kizazi cha kwanza. Kibandiko hakikusema uongo, ni i5 kweli, lakini ni i5 iliyozaliwa mapema kidogo.

Nikuachie alama rahisi ya kutumia unaponunua kompyuta za mtumba. Tazama nambari baada ya ile i5. Ikiwa na tarakimu tatu, kama 650, ni kizazi cha kwanza, iache. Ikiwa na nne na kuanza na 2, kama i5-2400, umeshaingia salama. Celeron na Pentium usizihukumu kwa mwaka, nyingi ziliendelea kutoka bila AVX miaka mingi baadaye. Kama kompyuta inawaka na ina Linux, andika lscpu, kisha utafute neno avx kwenye orodha ndefu itakayojitokeza. Halipo? Usitoe pesa. Ni kazi ya sekunde kumi, nami niliiruka nikapoteza siku tatu.

Wapenzi wa Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, nao wasidhani wamepona. Kwa upande wa prosesa za ARM, aina iliyomo ndani ya Pi, MongoDB hiyo hiyo ya 5.0 na kuendelea inataka ARMv8.2-A. Raspberry Pi 4 haifiki hapo, Raspberry Pi 5 inafika. Nimeshaona watu wawili wamenunua ya 4 kwa sababu ina GB 8 za memori. Memori! Sote tunaangukia memori, kwa kuwa ndiyo nambari pekee tunayoielewa dukani.

Kuna atakayeniambia ningerudi nyuma nikafunga MongoDB 4.4, isiyodai AVX. Ni kweli ingewaka. Lakini toleo hilo liliacha kupata marekebisho ya usalama Februari 2024, na mimi simfungii mtu hifadhidata ambayo ikipata jeraha haina tena wa kuitibu. Kwangu binafsi nyumbani labda. Kwa mteja, hapana.

Usiku ule niliifunga programu kwenye laptopu yangu mwenyewe, nikaiacha pale chini ya ngazi. Na hapa nilijifunza sharti jingine ambalo watu wengi hawalifikirii. Vituo vya waifai vikishapewa mipangilio yake vinaendelea kufanya kazi hata kompyuta ya usimamizi ikizimwa. Hilo ni kweli na linatuliza moyo. Lakini ukurasa wa vocha za wageni hautoki kwenye kituo, unatoka kwenye ile kompyuta. Ikilala, mgeni mpya haingii. Laptopu yangu kila mfanyakazi akipita aliifunga kifuniko kwa nia njema, vumbi lisiingie, nayo inasinzia. Mama akanipigia: "Mwanangu, yeo ni siku ya tatu wageni wanipa vocha mkononi kama risiti ya samaki." Kwa hiyo kabla hujachagua mashine, uliza kwanza: hii programu inatakiwa kuwa macho saa 24, au ni ya kufunguliwa tu wakati wa kubadilisha kitu? Ikiwa ni ya saa 24, laptopu iondoe mawazoni.

Nilinunua ya mtumba yenye nambari nne. Iliwaka mara ya kwanza.

Tangu hapo nimebadilisha namna ninavyosoma ule ukurasa wa mahitaji ya programu. Zamani nilisoma mistari miwili, memori na diski, nikafunga. Sasa naanza na mistari ile midogo ya chini: prosesa gani, mfumo gani, hifadhidata toleo lipi, Java toleo lipi. Na sisomi kima cha chini peke yake, natafuta na cha juu. Sisi tumezoea kwamba kipya ndicho bora, lakini matoleo ya UniFi ya kabla ya 7.5 hayakukubali MongoDB iliyozidi 3.6. Ukimletea mpya kuliko hiyo anakukatalia. Na ilipofika 7.5 alianza kutaka Java 17, aliyebaki na Java 8 akasimama nje. Zabbix nayo, ambayo ndiyo ninayoitumia dukani kwangu Langoni kuangalia mitandao ya wateja wote kwa pamoja, seva yake haikai kwenye Windows kabisa. Kile kiprogramu kidogo cha wakala, cha kuwekwa kwenye kompyuta inayoangaliwa, kinakaa Windows bila shida, lakini seva ni Linux. Nimewahi kuitwa na mtu aliyeshinda siku nzima akitafuta faili la kufunga seva hiyo kwenye Windows. Hakulipata kwa sababu halipo.

Kuhusu diski, usiamini nambari ya kuanzia. Kwa miaka mingi mwongozo wa Zabbix ulitaja MB 128 za memori na MB 256 za diski kama pa kuanzia, na mtu akiona hivyo anadhani hata simu ya zamani itabeba. Hizo ni za kuwasha tu. Programu za kusimamia mtandao hula diski kila dakika, maana kazi yao ni kuandika: kifaa hiki kiko hai, kile kimepitisha data kiasi hiki, saa ngapi. Mimi hupiga hesabu kwenye karatasi. Tuseme una vifaa 40, kila kimoja unakiangalia kwa vipimo 25. Hivyo ni vipimo 1,000. Kila dakika moja ukichukua vyote, kwa siku ni thamani 1,440,000. Mwongozo wenyewe unakadiria kama baiti 90 kwa kila thamani. Zidisha, unapata karibu MB 130 kwa siku, GB 3.9 kwa mwezi, na GB 47 kwa mwaka usipofuta kitu. Sasa chukua hesabu hiyo uipeleke kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ya GB 32 iliyochomekwa kwenye Raspberry Pi. Itajaa kabla ya mwaka kwisha, na kuandikwa kila mara kunaweza kuichosha. Weka SSD, na upunguze: joto la swichi hulihitaji kila dakika, kila dakika 5 inatosha. LibreNMS, programu nyingine ya kazi hiyo, kwa desturi yake huchukua vipimo kila dakika 5, na sijawahi kusikia mteja akilalamika.

Suala la stima linanihusu zaidi ya watu wa Nairobi, nadhani. Kompyuta nyingi ndogo, Raspberry Pi 4 ikiwemo, hazina saa yake yenyewe yenye betri. Zikiwaka huuliza saa kutoka kwenye intaneti. Sasa huku kwetu stima ikipotea na kurudi, kompyuta inawaka kabla laini ya intaneti haijatulia. Inaendelea na saa ya zamani. Grafu zinaandikwa nyuma, kisha saa ikipatikana zinaruka mbele na kuacha shimo katikati, na mteja anakuuliza kwa nini jana kati ya saa nane na saa kumi hakukuwa na mtandao wakati yeye alikuwa anazungumza na mwanawe kwa video. Ukiwa na LibreNMS, hakikisha pia eneo la saa ni Africa/Nairobi kwenye mfumo na kwenye PHP, lugha iliyoandikiwa programu hiyo, vyote viwili. Kuna kifaili chake cha kukagua, validate.php, kitakukaripia ukisahau kimoja. UPS ndogo, ile betri ya akiba, inatibu nusu ya matatizo haya. Ile ya Shela ilihitajika mapema zaidi, maana pampu ya maji ikianza kuvuta, taa zote zinainama.

Anwani ya kompyuta iwe ya kudumu. Hili halimo kwenye orodha nyingi za mahitaji, lakini kwangu ni la lazima. Vituo vya UniFi hukariri anwani ya kompyuta yao na kuripoti kwake kupitia porti 8080, porti ikiwa ni mlango wa mawasiliano wenye nambari. Siku moja stima iliporudi, ruta iliwaka mapema ikampa mgeni anwani ile, kompyuta yetu ikapata nyingine. Nikafungua ukurasa, vituo na swichi, vifaa 11 vyote, vimeandikwa vimekatika, huku wageni juu ya dari wanatazama video raha mustarehe. Nilivuka bahari kwa ajili hiyo.

Na hiyo 8080 ukague kama haina mwenyewe. Ni porti inayopendwa na kila mtu. Kwenye nyumba nyingine mjini niliikuta porti hiyo imeshakaliwa na programu ya risiti, na hakuna iliyokubali kumpisha mwenziwe. Pamoja nayo zinahitajika 8443 kwa ukurasa wa usimamizi, na kwa upande wa UDP, njia nyingine ya kutuma data, 3478 na 10001. Zabbix ina zake, 10050 na 10051. Vifaa vinavyoulizwa hali yake kwa SNMP, lugha ya vifaa vya mtandao, husikiliza UDP 161. Ziandike kwenye karatasi kabla hujaondoka dukani, halafu uzifungue kwenye ukuta wa moto (firewall) wa kompyuta. Bandika karatasi hiyo ubavuni mwa mashine, atakayekuja baada yako atakuombea dua.

Jambo dogo la mwisho: faili zote zipakue mjini, uziweke kwenye flashi. Kupakua kwa mteja kwa laini ambayo bado hujaitengeneza ni kujitafutia usiku wa kulala kwenye boti.

Ile i5-650 haikutupwa. Iko kwenye meza ya mapokezi pale Shela, inachapa risiti na asubuhi inapiga Kurani, kazi mbili inazozimudu bila shida. Mpwa wangu alitaka kukibandua kibandiko, Mama akamkataza. Anasema kinaipendeza.