Sonara hawezi kupima damu kwenye almasi

SWALI: Mchumba wangu anafanya kazi Dubai na ameniletea pete ya almasi. Shangazi amenitia hofu kwamba huenda ni "almasi ya damu", kama zile zilizobadilishwa kwa silaha kule Sierra Leone. Sonara mmoja hapa mjini ana mashine ya kupimia, na anasema kwa shilingi 80,000 atanipa cheti kwamba pete yangu ni safi. Nimpe? – Msomaji, Tanga

JIBU: Usimpe, dada. Hicho kifaa nami ninacho mezani. Kinapima jinsi jiwe linavyopitisha joto, basi. Kioo kitakikataa, lakini moisanaiti, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, inaweza kukidanganya, na habari za bunduki hakina. Almasi ni kaboni. Ikishakatwa na kunolewa, hakuna atakayeitazama akaapa kwamba imetoka Kono kule Sierra Leone au Mwadui kwetu. Mzoefu akishika furushi zima la almasi ghafi za mgodi mmoja anaweza kukisia kwa maumbo na rangi zake. Changanya mafurushi mawili tu, naye atabaki anakuna kichwa.

Hofu ya shangazi ina msingi. Kinachonikera ni hii imani, ninayokutana nayo kila mara, kwamba almasi za vita zilikuwa mali isiyo na karatasi, kwa hiyo ukipata karatasi umesalimika. Karatasi zilikuwepo tele.

Sierra Leone vita vilianza Machi 1991. Mawe ya Kono yamo kwenye kokoto za mito, huchimbwa kwa koleo na chekeche, na waasi wa RUF wa Foday Sankoh waliwachimbisha watu kwa mtutu wa bunduki. Jiwe dogo kama punje ya mahindi halihitaji lori. Likivuka mpaka kwenda kwa Charles Taylor, kiongozi wa waasi wa Liberia aliyekuja kuwa rais, tayari ni jiwe la Liberia. Sasa Liberia yenyewe ilikadiriwa kuweza kuchimba karati 150,000 kwa mwaka zikizidi sana, lakini kati ya 1994 na 1998 Ubelgiji iliandikisha zaidi ya karati milioni 31 zilizoingia kwa jina lake! Si zote zilitoka Kono, maana na wakwepa kodi wa kwingine walijificha humo humo. Lakini hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne angeishtukia. Forodha waliandika nchi iliyotajwa kwenye ankara, biashara ikaendelea.

Silaha nazo zilisafiri vivyo hivyo. Machi 1999 tani 68 kutoka Ukraine zilitua Ouagadougou zikiwa na cheti cha mtumiaji wa mwisho kilichosema ni za Burkina Faso. Haukupita muda zikapakiwa tena kwenye ndege kwenda Liberia, mlango wa RUF. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliyaweka hayo wazi Desemba 2000. Kwenye jalada la muuzaji kila kitu kilikuwa sawasawa. Na Julai mwaka huo huo wa 1999, mkataba wa amani wa Lomé ukamfanya Sankoh mwenyekiti wa tume ya kusimamia madini: fisi kakabidhiwa bucha. (Taylor alihukumiwa miaka 50 mwaka 2012.)

Mpango wa Kimberley, makubaliano ya nchi nyingi kuhusu biashara ya almasi ghafi yaliyoanza kutumika 2003, ulikuja kuziba tundu hilo, na kiasi fulani umeliziba. Lakini cheti chake ni cha furushi la almasi ghafi linalovuka mpaka likiwa limefungwa na kupigwa lakiri. Pete haina cheti cha Kimberley na haijawahi kuwa nacho. Tena mpango huo unahesabu tu mawe yanayowagharimia waasi dhidi ya serikali. Mwaka 2008, askari wa Zimbabwe walipowaua wachimbaji kwenye machimbo ya almasi ya Marange, walikuwa wa serikali, kwa hiyo mawe yale hayakuingia kwenye tafsiri hiyo. Na furushi lililochanganywa Dubai likisafirishwa tena, cheti halali kabisa kinaweza kuandikwa "asili mchanganyiko".

Kwa pete yako, mchumba aulize dukani kama wana kumbukumbu za jiwe hilo tangu likiwa ghafi. Wakinyamaza, basi asili yake haijulikani, na hakuna sonara wa kuibadilisha hali hiyo kwa shilingi 80,000.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni ninyi mnaotumiwa picha za "almasi za Kongo" kwenye WhatsApp, pamoja na kivuli cha cheti cha Kimberley chenye muhuri mwekundu. Cheti halisi kina namba yake ya pekee, uzito wa karati, thamani, majina ya anayetuma na anayepokea, na huambatana na mzigo uliofungwa. Dalali anayekutolea jiwe mfukoni, kisha kivuli cha cheti kutoka mfuko wa pili, anakuuzia hadithi. Na hata jiwe likiwa la kweli, kununua almasi ghafi hapa Tanzania bila leseni ni kosa, kwa hiyo polisi watakapokuja, atakayekutwa nalo mkononi ni wewe.