Pete ya mwanga na joto la pwani: maswali na majibu

Pete ya silikoni kwenye chipu yetu, yaani kijia cha duara kinachochagua wimbi moja la mwanga, ilichuja wimbi la nanomita 1550 asubuhi. Mchana imehama, wala hakuna aliyeigusa. (Mtwara mjini)

Joto limeigusa. Silikoni ikipata moto huzidi kuuchelewesha mwanga, pete inakuwa kama imerefuka, na wimbi inalolichagua linarefuka kwa takriban nanomita 0.07 kwa kila nyuzi 1. Kutoka nyuzi 24 alfajiri hadi 32 saa nane mchana ni nanomita 0.56, na chaneli za faiba za gigahezi 100 (mawimbi jirani, kila moja likibeba data yake) zimeachana kwa nanomita 0.8 tu! Kazi ikiruhusu, tumia nitridi ya silikoni; yenyewe huhama karibu 0.02.

Kupaka polima juu ya pete kunamaliza tatizo? (Masasi)

Kupaka peke yake hakutoshi. Polima huenda kinyume na silikoni: ikipata joto, mwanga hupita humo upesi zaidi. Ili viwili hivyo vifutane, sehemu kubwa ya mwanga lazima itembee ndani ya polima, ndiyo maana njia ya mwanga yenye upana wa nanomita 450 huchongwa nyembamba hadi karibu 350. Hasara yake ni kwamba mwanga usioshikwa vizuri humwagika kwenye kona, kwa hiyo tanua pete. Ukikosea upana kwa nanomita chache, joto litabaki linaisukuma. Oksidi ya titani hufanya kazi hiyohiyo na huvumilia joto la kiwandani kuliko polima.

Tumeweka kipoza cha Peltier (kibao cha umeme kinachopoza, na mkondo ukigeuzwa hupasha) kwenye nyuzi 20. Sasa mwanga unaoingia kwenye chipu unapungua kila saa. (Lindi)

Ndugu zetu, tazameni ukingo wa chipu kwa hadubini, pale faiba inapokutana nayo. Yaelekea mtaona vitone vya maji. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande kwenye kitu chenye nyuzi 26. Msipoze, pasheni: geuzeni Peltier ishike nyuzi 40, juu ya joto lolote la chumba. Termista (kipimajoto kidogo cha umeme) igundishwe kwenye kibao cha shaba chini ya chipu, isiachwe hewani.

Hita ndogo iliyo juu ya pete, inayorekebisha wimbi lake, iendesheni kwa wati, si kwa volti. Volti zikitoka 1 hadi 2, joto linakuwa mara nne. Programu inayotarajia mara mbili itapitiliza na kuyumba.

Kwenye grafu ya mwanga dhidi ya urefu wa wimbi, kilele cha pete kimelalia upande mmoja kama pembetatu. (Nachingwea)

Leza yako ndiyo inayoipasha. Punguza nguvu mpaka umbo liwe lilelile, uwe unapima kutoka mawimbi mafupi kwenda marefu au kinyume chake.