Barua kwa mwanangu: Ile kura ya 2010

Wambui mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini kura ya maoni ya 2010 kuhusu Katiba mpya ya Kenya, iliyobadilisha nchi nzima, kanisani kwetu Nakuru ilihubiriwa kana kwamba ni ya utoaji mimba tu.

Sheria yenyewe tuliirithi kwa Mwingereza. Kanuni ya Adhabu inampa anayetoa mimba kifungo cha hadi miaka 14, na mwanamke mwenyewe hadi 7. Januari 2010 wabunge walikutana hapa Naivasha kupitia rasimu ya Katiba, makanisa yakishinikiza, wakaandika kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Lakini katazo likishaandikwa, sharti liandikwe pia linapolegezwa. Kamati ya Wataalamu, iliyoandaa rasimu, ikaongeza kwamba mhudumu wa afya aliyefunzwa aweza kuruhusu mimba itolewe palipo na dharura, au maisha au afya ya mama ikiwa hatarini. Ndipo moto ukawaka. Viongozi wa makanisa wakaingia kambi nyekundu ya Hapana pamoja na William Ruto, wakipinga pia mahakama za Kadhi. Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila wakaongoza kambi ya kijani ya Ndiyo. Tarehe 4 Agosti, Ndiyo ikapata takriban asilimia 67.

Mimi nilipiga Ndiyo kwa sababu ya wodi. Wasichana waliletwa usiku, mwili unachemka, leso imelowa damu, na mama mtu anashikilia kwamba mtoto alianguka mtoni. Sisi wauguzi tulijua, ila kwenye faili tuliandika "mimba imeharibika" tukanyamaza, maana polisi wangekuja kumhoji kitandani. Wengine hawakuuona mchana. Mchungaji wetu nampenda na namheshimu, lakini hakuwahi kuwafunika shuka wale watoto.

Ushindi ule haukumaliza neno. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo kwa wahudumu kuhusu utoaji mimba salama 2012, ikauondoa mwaka uliofuata. Kuna msichana wa Kisii aliyebakwa, akatolewa mimba na mtu asiyefunzwa, figo zikaharibika, akafariki 2018. Mama yake alikuwa miongoni mwa waliokwenda Mahakama Kuu, na Juni 2019 ikaamua kwamba kuuondoa mwongozo kulikiuka haki za wanawake.

Vifungu vya Kanuni ya Adhabu bado vipo. Bunge ndilo lenye uwezo wa kuviweka sawa na Katiba, lakini mbunge anayevigusa anajua Jumapili atatajwa madhabahuni, na kura za eneo lake zinahesabiwa humo humo.

Mama yako