Umelelewa kwa Shida na Sasa Unataka Kukimbia? Anza na Dakika 20

Wiki iliyopita kijana wa miaka 23 kutoka Kayole, Nairobi, aliniandikia ujumbe mrefu. Amelelewa katika nyumba tatu tofauti, na katika zote tatu, anasema, fimbo ilitangulia salamu. Mwezi mmoja uliopita aliamua kwamba mbio ndefu ndizo zitakazompa sababu ya kuamka asubuhi. Akaanza na kilomita 8 kila siku, bila siku ya kupumzika, akiwa na raba za mpira wa kikapu. Siku ya 19 muundi wa mguu wa kushoto ulimuuma hadi akashindwa kushuka kwenye matatu. Ameacha. Mwisho wa ujumbe aliuliza: "Kocha, kama hata hili limenishinda, nitaweza nini?"

Halijakushinda, ndugu yangu. Umeanza vibaya, na kuanza vibaya kunarekebishika. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu ujumbe kama wako huja mara kwa mara, na kosa huwa ni lile lile.

Kuna msemo unaopendwa sana siku hizi kwamba maumivu ya utotoni ni petroli ya mwanariadha. Siukubali hata kidogo. Mtu anayekimbia kwa hasira huanza kwa kasi asiyoweza kuishikilia, hukimbia siku ambayo angepaswa kulala, na maumivu yakija huyachukulia kama adhabu anayostahili. Mwili haujui habari ya hasira, una ratiba yake. Moyo, mapafu na misuli huzoea mbio katika wiki chache tu. Mifupa na kano huchukua miezi. Kwa hiyo wiki ya tatu pumzi inakuambia unaweza, huku mfupa wa muundi ukiwa bado uko nyuma. Hapo ndipo wengi huumia, wakati ule ule wanapoanza kujisikia vizuri.

Kwanza tushughulikie huo mguu. Pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa muundi, kutoka juu ya kifundo kwenda juu. Kama maumivu yametapakaa sehemu ndefu, kiasi cha kiganja, na hupungua ukipasha mwili joto, mara nyingi ni uchovu wa mfupa na nyama zinazoushikilia. Kama yako mahali pamoja unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole, na yanauma hata ukiwa umelala, huenda mfupa umeanza kupata ufa. Usikimbie hata hatua moja, nenda hospitali. Na ujue kwamba picha ya eksirei ya siku za mwanzo inaweza kutoka safi ilhali ufa upo, kwa hiyo picha safi isikupe ruhusa ya kurudi barabarani kama bado unaumia.

Ikiwa ni uchovu tu, pumzika mpaka uweze kutembea haraka dakika 30 kwa siku tatu mfululizo bila maumivu. Katikati ya hapo imarisha mashavu ya miguu: simama ukingoni mwa ngazi, jinyanyue kwa vidole, shuka taratibu ukihesabu hadi tatu. Mara 12, kisha pumzika, raundi tatu, siku moja ndiyo siku moja hapana.

Halafu anza upya, na uanze kidogo kuliko unavyotaka. Siku tatu kwa wiki: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Dakika 5 za kutembea kwa haraka, kisha kimbia dakika 1 na utembee dakika 2, mara tano. Jumla dakika 20, basi, rudi nyumbani. Fanya hivyo wiki mbili. Wiki ya tatu na ya nne kimbia dakika 2, tembea 2, mara tano. Ya tano na ya sita kimbia dakika 4, tembea 1, mara tano. Ukifika wiki ya kumi wengi huweza dakika 30 bila kusimama, na asiyeweza hurudia wiki iliyomshinda bila aibu yoyote. Kasi sahihi ni ile inayokuruhusu kuzungumza. Taja kwa sauti vituo vya matatu yako, Donholm, Hamza, Muthurwa. Ukikatika pumzi katikati ya jina, punguza. Kumbuka pia Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kuhema si dalili ya udhaifu wako.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Nunua daftari dogo la kurasa 32. Chora safu tatu: tarehe, dakika, na neno moja. Usiandike kilomita. Usiandike kasi. Neno moja ni vile ulivyojisikia ulipomaliza: "nzito", "sawa", "baridi", "hasira", lolote. Ukikosa siku, acha mstari mtupu uendelee na siku inayofuata. Usilipe Jumanne kwa kukimbia Jumatano, maana hapo ndipo deni linapozaliwa, na mtu mwenye deni na nafsi yake hujichapa mwenyewe bila kusubiri mjomba amchape. Baada ya wiki sita utakuwa na mistari 18. Labda 16, na miwili mitupu. Kaa chini uiangalie, mstari kwa mstari, mwandiko wako mwenyewe.

Mtoto aliyeahidiwa viatu kila Krismasi na visije, aliyeambiwa "nitakuja kukuchukua" akakaa getini mpaka giza, hukua akijua kwamba neno la mtu halina uzito, na hilo ni pamoja na neno lake mwenyewe. Hakuna hotuba itakayomtoa hapo. Lakini mistari 18 inasema kitu ambacho hakuna mtu aliwahi kumwambia: ulisema Jumanne, na Jumanne ulikwenda. Ndiyo maana nasisitiza dakika 20 na si kilomita 8. Ahadi iwe ndogo kiasi kwamba hata siku mbaya kabisa, siku ya mvua na njaa na matusi, bado inatimizika. Ahadi kubwa inayovunjika wiki ya tatu inamrudisha mtu pale pale getini.

Kuna mambo mengine ambayo makocha wengi hawayasemi, na wanapaswa kuyasema. Mbio huleta moyo unaodunda, jasho, pumzi fupi, kifua kubana. Hizo ndizo dalili za hofu pia. Aliyelelewa kwa vipigo anaweza kuwa anakimbia vizuri tu, ghafla mwili ukadhani umerudi chumba kile. Likikupata, usikae chini wala usiongeze mwendo. Tembea. Taja vitu vitano unavyoviona: mti wa jakaranda, boda boda, mama wa mahindi, ukuta wa buluu, mbwa. Toa pumzi ndefu kuliko unavyoivuta, vuta kwa hatua tatu na utoe kwa hatua tano. Ikipita, unaweza kuendelea au kurudi nyumbani. Yote mawili huandikwa daftarini.

Katika kundi, nyayo za watu nyuma yako zinaweza kukushtua. Kimbia mwisho wa kundi au pembeni, na mwambie kiongozi, huna haja ya kueleza sababu. Ukiwa na kocha anayefoka na kutukana, hama. Kuna watu wanaoamini kwamba mkimbiaji hujengwa kwa matusi. Wewe umeshayala ya kukutosha.

Wengine hulia baada ya mbio ndefu. Si ugonjwa. Lakini kama kumbukumbu zinakuja kila usiku baada ya mazoezi, kama unakimbia ukiwa umeumia kwa sababu huwezi kuvumilia kukaa kimya nyumbani, au kama siku ya kupumzika inakufanya ujichukie, hapo mbio zimegeuka fimbo mpya. Mwone mshauri nasaha. Waombe kituo cha afya kilicho karibu nawe wakuelekeze. Kama una chini ya miaka 18 na bado unapigwa au unanyanyaswa, piga 116, ni namba ya msaada kwa watoto na haina malipo. Mbio husaidia sana, ila haziwezi kufanya kazi ya mtu wa kukusikiliza.

Viatu havihitaji kuwa vipya. Kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi kuna vizuri ukijua kuchagua. Nenda alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uvae soksi utakazokimbilia. Bonyeza kando ya soli kwa kidole gumba: sponji nzuri hubonyea kisha ikarudi, iliyokufa ni ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi ya mlalo. Kunja kiatu, kinapaswa kukunjika penye vidole, kikikunjika katikati kama chapati kiache. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, kimeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza na kitakuvuta goti. Mbele ya kidole kirefu iachwe nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo kucha zitageuka nyeusi. Viatu vya mpira wa kikapu ni vizito na vimejengwa kwa kuruka na kugeuka. Hapo kijana wangu alijiongezea kazi bure.

Saa. Jua la Nairobi huchomoza kati ya saa 12:10 na 12:40 asubuhi mwaka mzima, kwa hiyo hakuna haja ya kutoka saa kumi na moja gizani ili uonekane mkakamavu. Ngoja kupambazuke. Kimbia ukitazamana na magari, sikio moja liwe wazi, na mabinti wakimbie wawili wawili ikiwezekana. Lami ni ngumu kwa muundi, kwa hiyo ukipata uwanja wa shule au njia ya udongo, tumia hiyo. Msitu wa Karura ni pazuri mno Jumamosi ukiwa na nauli na ada ya kuingia. Wakati wa mvua, udongo mweusi wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, hunata chini ya kiatu mpaka kila mguu una uzito wa tofali, na kifundo kikateguka. Siku hizo bora lami.

Chakula nakisema kwa uchungu kidogo. Wengi waliolala njaa utotoni huona fahari kukimbia tumbo likiwa tupu, kana kwamba ni ujasiri. Mwili unaokimbia bila chakula hujila wenyewe, na mifupa ndiyo huathirika. Ndizi moja au kikombe cha uji saa moja kabla. Ukirudi, kula ndani ya saa moja: ndengu na chapati, mayai na viazi vitamu, githeri, chochote chenye nguvu na protini. Chai ya majani iache ipite saa nzima baada ya mlo, kwa sababu inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye sukuma wiki na maharagwe. Dada akiona hedhi imekatika tangu aanze kukimbia, asishangilie. Huenda anakula kidogo kuliko anavyotumia, na amwone daktari.

Kuhusu medali. Mwaka 2016 timu ya kwanza ya wakimbizi ilishiriki Olimpiki mjini Rio. Walikuwa wanamichezo 10, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji waliozaliwa Sudan Kusini wakakulia kambi ya Kakuma, kisha wakafanya mazoezi hapa Ngong chini ya Tegla Loroupe, bingwa wa zamani wa marathoni. Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyebeba bendera yao. Hakuna hata mmoja wa wale 10 aliyerudi na medali. Nakumbusha hilo kila mtu anaponiambia kwamba mbio zitakuwa na maana siku atakaposhinda. Kenya ina wakimbiaji wengi wazuri hivi kwamba wewe na mimi huenda tusishinde chochote maishani. Maana inapatikana pale ambapo kuna mtu anakungoja. Ukishatimiza wiki nane, tafuta kundi la Jumamosi, na usiingie kama mgeni wa kukimbia tu. Omba kazi. Shika saa, beba maji, andamana na yule mpya wa nyuma kabisa asiyeweza dakika mbili. Siku usipofika kuna atakayeuliza uko wapi. Kwa aliyekua bila kuulizwa hivyo, swali hilo lina uzito kuliko cheti.

Ukitaka shindano, Nairobi Marathon imekuwepo tangu 2003 na ina mbio za kilomita 10. Chagua hizo, na angalau miezi minne iwe imepita tangu uanze. Kilomita ya kwanza watu watakupita kwa mamia, muziki unapigwa, damu inachemka. Waache wapite. Atakayekuja kuthubutu kilomita 42 miaka ijayo atalihitaji somo hilo zaidi, kwa sababu akiba ya wanga mwilini huelekea kuisha karibu na kilomita ya 30, na aliyeanza mbio kwa hasira huimaliza mapema zaidi.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Kayole: daktari wiki hii, apapase huo muundi. Akikuruhusu, na siku tatu za kutembea zikipita bila maumivu, anza Jumanne saa 12:30 asubuhi. Tano za kutembea, moja kwa mbili mara tano. Raba za kikapu ziache nyumbani. Ukirudi, oga, kunywa uji, andika mstari wa kwanza, kisha nitumie picha yake.