Mkutano wa waliotawanyika: anza na anayetoka mbali

Dada mmoja wa Songea ameniandikia juma hili. Wenzake aliosoma nao wapo Tanga, Bukoba na Dar es Salaam. Wanataka kukutana, lakini kila mji ukitajwa, kuna anayenung'unika. Dada yangu, hilo nalijua. Mwaka huu kazi hiyo nilipewa mimi katika kundi letu, na walikuja hata waliokuwa wametukatia tamaa.

Miaka yote tulikutana Dar. Hoja ilikuwa hiyo hiyo: "Sisi huku ndio wengi, ninyi njooni." Mimi naishi Mwanza. Basi letu linapita Shinyanga, Singida, Dodoma, ndipo Morogoro. Nafika Dodoma viatu vinabana kwa miguu kuvimba, na mbele bado kuna kilomita kama 450. Nashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi usiku, naanza kutafuta usafiri wa Mbagala uliko ukumbi. Kesho yake mwenzetu wa Temeke anaingia saa tano, anasema foleni. Ile "ninyi njooni" inaniuma mpaka leo.

Nilipopewa zamu sikuuliza nani anapenda mji gani. Nilimpigia kila mtu: unapanda nini, unabadilishia wapi, unafika saa ngapi? Majibu yao yakanielekeza Dodoma. Wa Kigoma na Tabora, kama mimi, wakienda Dar hupitia Dodoma. Wa Arusha wana lami ya Babati na Kondoa. Wa Mbeya wakifika Iringa wanakata kupitia Mtera. Wa Dar tangu 2024 wana treni ya SGR, safari ya saa nne hivi. Aliyebaki na mzigo ni wa Mtwara, kwa kuwa lazima alale Dar kwanza. Kwa hiyo tarehe nilimuuliza yeye kabla ya wote.

TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, kuwa katikati ya nchi ilikuwa sababu mojawapo. Lakini ramani peke yake haitoshi, uliza mji una wageni gani. Kuanzia Aprili mpaka Juni kuna Bunge la Bajeti, vyumba vinapanda bei au havipatikani kabisa. Mwanzoni mwa Agosti kuna Nanenane kule Nzuguni. Sisi tukachukua katikati ya Julai, nikawaambia wabebe masweta, maana usiku Dodoma huwa na baridi kali mwezi huo.

Jamani, tuache kuhesabu vichwa. Wengi wakiamua kila mara, wa pembeni watakuja mara mbili, ya tatu watatuma salamu, halafu mtawasema kuwa wanajitenga. Mheshimuni anayesafiri siku nzima. Na nauli zijumlishwe zote, zigawanywe sawa. Kwetu wa Dar walilalamika sana juu ya hilo. Nikawatumia orodha ya nauli za kila mtu, kuanzia ya Mtwara, na kufikia jioni michango ilikuwa imeingia.