Tingatinga halijaingia bado? Basi kagua mimea sasa, na usikubali kukimbizwa

Injinia wa mradi mmoja wa barabara kakubali kuhamisha shimo la kuchimba moramu, yaani udongo wa kujengea barabara, litoke kwenye kipande cha msitu huko Kilwa, na furaha yangu siwezi kuificha jamani. Niliweka picha status, dada mmoja aliyemaliza botania akaniuliza, kaka na mimi nimepata kibarua cha kukagua mimea kabla ya kuchimba, nianzie wapi? Najibu hapa maana najua mko wengi na wote mnataka ripoti yenu iokoe kitu.

Anza na kalenda. Huku kusini msimu wa mvua ni mmoja, Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, lakini konsalta, yaani kampuni inayoandaa ripoti ya mazingira, anataka uende kiangazi kwa sababu gari halikwami. Sasa kiangazi utaona nini? Okidi za ardhini na mimea yenye viazi imelala chini ya udongo, miti mingi imepukutisha majani, unaandika "vichaka vya kawaida" unarudi Dar. Mimi nilikataa kusaini mpaka nirudi mvua zikinyesha, wakaninunia, wakasema naongeza gharama, nikasema nauli nitajilipia. Nikarudi na mzee wa kijiji anayechimba dawa, tukapita mstari kwa mstari, na ni yeye aliyesimama kwenye kichaka kimoja akasema mjukuu wangu, huu hauko kwingine, uko bondeni hapa tu. Ni jamii ya mikahawa ya porini, maua meupe madogo. Nikakata tawi lenye ua na tunda, nikalibana kwenye magazeti, nikachukua pointi za GPS, nikapeleka hebariamu, ghala la mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jibu likaja kwamba sampuli walizonazo ni chache tena za zamani. Hiyo karatasi ndiyo iliyohamisha shimo.

Na msidhani natia chumvi. Erythrina schliebenii, mti wa Lindi na Kilwa, uliandikwa mwaka 1998 kuwa umetoweka duniani, ukaja kuonekana tena 2001 kwenye msitu wa Namatimbili, halafu sehemu ya msitu huohuo ikafyekwa kwa ajili ya mashamba ya mafuta ya mimea. Wataalamu wa chuo kikuu wakaupata tena miaka kama kumi baadaye pamoja na mti mwingine adimu, Karomia gigas, ambao Kenya ulijulikana kwa mti mmoja tu pwani na ukakatwa. Kihansi nako, kwenye milima ya Udzungwa, chura wa maporomoko aligunduliwa 1996 bwawa la umeme likiwa tayari linajengwa, na kahawa ya korongo lile, Coffea kihansiensis, ilipewa jina 2004, wakati mitambo inazunguka na maji mengi ya maporomoko yameshachepushwa. Mnaona? Ukaguzi unachelewa, simenti inawahi.

Kuna kazi moja ya nyuma bado inaniuma. Nilikabidhi orodha kamili, ripoti ilipotoka mimea yangu adimu imefutwa, jina langu limebaki kwenye ukurasa wa mbele kana kwamba nimebariki, na kijiko kimechimba palepale nilipofunga utepe. Sijasahau na sitasahau.

Kwa hiyo wadogo zangu, nendeni na mvua. Kama pesa ipo nendeni mara mbili, maana miti mingine hutoa maua kiangazi ikiwa haina jani. Nendeni na mzee au mama wa pale anayejua dawa, na mumlipe kama mtaalamu maana ndivyo alivyo. Mwoneni injinia mapema ramani ikiwa bado penseli, mpeni pointi za GPS badala ya hotuba, maana kusogeza shimo kwenye ramani hakumgharimu kitu, ila mashine zikishafika hakusikii tena. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza, kwa hiyo ukidai muda hujaomba fadhila. Nendeni na mvua, narudia.

Na sampuli zako zipeleke hebariamu mapema, kabla ripoti haijaingia mikononi mwa konsalta. Ikishapewa namba kule, na tarehe na jina lako kwenye lebo, wakifuta kwenye ripoti utakuwa na cha kuwaonyesha watu wa NEMC, baraza la taifa la mazingira.